Kushika, Kuambata na Kuambuka: Hadubini, Gundi ya Mbao na Lugha ya Seremala wa Timau

Utangulizi

Mji wa Timau uko katika Kaunti ya Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kuelekea Meru. Ni eneo la nyanda za juu lenye mashamba ya ngano, viazi na maua, na baridi yake ya alfajiri si jambo geni kwa yeyote aliyewahi kulala huko. Chukulia mfano wa seremala wa mji huo, mwenye randa, msumeno, jiriwa na kopo la gundi nyeupe. Mwezi wa Julai anatengeneza mlango wa kabati kwa kugundisha ubao mwembamba wa plaiwudi juu ya fremu ya saiprasi. Mwezi wa Oktoba mteja anaurudisha mlango, ubao ukiwa umeinuka ukingoni. Mteja analalamika kwamba gundi haikushika. Seremala anajitetea kwamba gundi za siku hizi ni mbovu. Mazungumzo yanakoma hapo, na hasara inabaki kwa mmoja wao.

Makala haya yanalichunguza neno hilo moja, "haikushika". Yanadai kwamba neno hili limebebeshwa matukio kadhaa yaliyo tofauti kabisa, na kwamba tofauti hizo huonekana bayana pale kiungo cha gundi kinapowekwa chini ya hadubini. Aidha, yanadai kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuzitaja tofauti hizo. Maneno yamo, tena yamepangwa kwa utaratibu katika unyambulishaji wa vitenzi, isipokuwa yamezoeleka kufundishwa kama orodha za sarufi bila kutazamwa kama hazina ya istilahi. Ili kuyathibitisha madai hayo, makala yataanza na mbao zenyewe, yaeleze kinachoonekana kwa hadubini, kisha yarejee kwenye sarufi na hatimaye kwenye karakana ya Timau.

Mbao za kuungwa

Mbao zinazozungumziwa hapa ni zile zisizopasuliwa moja kwa moja kutoka kwenye gogo, bali zinazotengenezwa kwa kuunganisha vipande vya mti kwa gundi. Plaiwudi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mti zinazopangwa juu ya nyingine, nyuzi za kila tabaka zikikingamana na nyuzi za tabaka la chini yake. Mpango huo huupunguzia ubao tabia ya kutanuka, kusinyaa na kupasuka. Chipubodi hutengenezwa kwa vipande vidogo vya mti vilivyonyunyiziwa gundi na kushindiliwa kwa joto. Mbao zijulikanazo kama MDF hutengenezwa kwa nyuzi za mti zilizotenganishwa kabisa, kisha zikaunganishwa upya.

Umuhimu wa mbao hizi nchini Kenya hauhitaji hoja ndefu. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na tangazo la kuiondoa marufuku hiyo lilitolewa na Rais William Ruto mwezi wa Julai 2023. Mti unapokuwa adimu, hekima ni kukitumia kila kipande chake, na kipande hakitumiki pasipo gundi. Ubora wa plaiwudi au chipubodi, kwa hivyo, hautegemei mti peke yake. Unategemea pia utando wa gundi ambao mara nyingi unene wake haufiki hata robo ya milimita.

Gundi zenyewe ni za namna nyingi. Gundi ya yurea na fomaldehaidi ni ya bei nafuu na hutumiwa sana kwa samani za ndani, lakini haistahimili unyevu wa muda mrefu. Gundi ya fenoli na fomaldehaidi ina rangi ya kahawia iliyokolea na hustahimili maji, hivyo hufaa kwa plaiwudi ya nje. Gundi nyeupe ya seremala kwa kawaida ni polivinili asetati iliyochanganywa na maji. Ipo pia gundi itengenezwayo kwa tanini ya magamba ya muwati, mti uliopandwa kwa miaka mingi katika nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Tofauti hizi si za kikemia tu, kwani zina uzito kwa afya pia. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayepasua mbao hizi kwa msumeno ana haki ya kuelezwa jambo hilo kwa lugha anayoielewa.

Hadubini na neno lililozaliwa katika gamba la mti

Neno "darubini" lina asili ya Kiajemi, likiundwa kwa vipashio viwili vyenye maana ya mbali na kuona. "Hadubini" imefuata umbo hilo, nayo imekubalika kuwa chombo cha kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Wanaisimu wameupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha jinsi istilahi moja inavyoweza kuisaidia nyingine kuzaliwa.

Upo mfano mwingine unaohusu mti wenyewe. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu kiitwacho Micrographia, ambamo alieleza alichokiona alipokata kipande chembamba cha koki, yaani gamba la mti, na kukitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vingi vitupu vilivyopangika. Akavipa jina la Kiingereza lililotumika kwa vyumba vidogo, kama vile vya watawa. Jina hilo ndilo lililotoholewa katika Kiswahili likawa "seli". Yaani istilahi mojawapo iliyo kuu katika biolojia ilianza kama sitiari ya kawaida, iliyotolewa na mtu aliyekitazama kitu chenyewe kwanza, kisha akatafuta neno katika lugha aliyokuwa nayo. Mbinu hiyo ndiyo inayopendekezwa na makala haya.

Kinachoonekana kwenye kiungo cha gundi

Ili kukichunguza kiungo cha gundi, mtaalamu hukata kipande kidogo kinachojumuisha mbao za pande zote mbili. Hukilainisha, kisha hukikata kwa kifaa chenye kisu kikali kiitwacho mikrotomu mpaka apate vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, vyenye unene wa makumi machache ya mikromita. Mikromita elfu moja ni sawa na milimita moja. Gundi ya fenoli na ile ya tanini huonekana kwa rangi zake zenyewe. Gundi ya yurea haina rangi, kwa hivyo huhitaji kutiwa rangi ili itofautiane na mti. Safranini huzitia kuta za seli rangi nyekundu. Toluidini ya buluu huufifisha mng'aro wa asili ambao mti huutoa unapomulikwa kwa mwanga wa urujuani au buluu, na hapo gundi hujitokeza waziwazi.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba mti si kitu kizima kama jiwe. Ni mkusanyiko wa mirija. Msaiprasi, ambao ni mti wa mbao laini, una seli ndefu nyembamba zenye upana wa makumi ya mikromita, zilizosongamana kwa mpangilio. Mgrevilea, unaopandwa kwa wingi mashambani Meru na Embu, ni mti wa mbao ngumu. Pamoja na nyuzi zake, una mishipa mipana ya kupitishia maji, na safu pana za seli zinazoelekea kwenye moyo wa mti. Safu hizo ndizo zinazoipa mbao yake mabaka yang'aayo.

Jambo la pili ni kwamba gundi ileile haifanyi safari moja katika miti hiyo miwili. Katika msaiprasi huingia kwenye uwazi wa seli zilizokatwa na randa, ikajaza seli chache za karibu na kusimama. Katika mgrevilea huweza kukimbilia mishipa mipana na kwenda mbali, ikauacha uso wa kiungo na gundi haba. Gundi isipopenya kabisa, kiungo huwa dhaifu kwa kuwa hakina mizizi. Ikipenya kupita kiasi, kiungo huwa dhaifu kwa kuwa kimebaki kitupu.

Jambo la tatu halionekani kwa hadubini ya kawaida ya mwanga, ambayo haiwezi kutofautisha vitu vilivyo karibu kuliko takribani sehemu mbili za kumi za mikromita. Baadhi ya gundi, hasa zenye molekuli ndogo kama fenoli ya aina fulani na isosayaneti, huvuka uwazi wa seli zikaingia ndani ya kuta za seli zenyewe. Hapo huhitajika hadubini ya elektroni au mbinu nyingine za kikemia. Kuingia katika uwazi wa seli na kuingia katika ukuta wa seli ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni kama mgeni kuingia chumbani, na la pili ni kama maji kuingia katika matofali ya chumba hicho.

Vitenzi vya gundi katika sarufi ya Kiswahili

Orodha nyingi za istilahi huandaliwa kwa kuanzia na nomino ya Kiingereza na kuitafutia nomino ya Kiswahili. Kazi hiyo imezaa matunda makubwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi mmojawapo. Hata hivyo, hadubini haionyeshi majina tu, bali pia matukio yanayofuatana, na matukio hubebwa na vitenzi. Kwa upande wa nomino, Kiswahili kinaweza kukopa bila hasara: plaiwudi, yurea na mikrotomu zimekwisha kupata makao. Tena nomino za kale zipo, kama vile "sherisi" kwa maana ya gundi, na "ulimbo" kwa utomvu wa kunasia ndege. Kwa upande wa vitenzi, lugha haina haja ya kukopa.

Tukio la kwanza ni gundi kuenea na kulowesha uso wa mbao. Kitenzi "lowa" kinatosha, na katika kauli ya kutendesha hupatikana "lowesha". Uso wenye mafuta, vumbi au uliokaa muda mrefu bila kupigwa randa haulowi sawasawa. Gundi hujikusanya juu yake kama maji juu ya jani la yugwa.

Tukio la pili ni "kupenya", ambalo limekwisha kuelezwa. Tukio la tatu ni "kuganda", yaani gundi kuacha kuwa kiowevu na kuwa kitu kigumu. Ni muhimu kukitenganisha kitenzi hiki na "kukauka". Gundi ya yurea huganda kwa mabadiliko ya kikemia yanayoharakishwa na joto la mashine. Gundi nyeupe huganda pale maji yake yanaponyonywa na mti na hewa, na vijipira vyake vidogo vya plastiki vikasogeleana hata vikayeyukiana na kuwa utando mmoja. Ikiwa baridi ni kali, maji huondoka lakini vijipira havishikani. Kinachobaki ni unga mweupe. Gundi hiyo imekauka, lakini haikuganda.

Tukio la nne ni "kuambata", yaani gundi na mti kushikana pale zinapogusana. Hapa sarufi inatoa msaada mkubwa. Kiambishi -at- katika kauli ya kutendata huonyesha mguso wa karibu, kama katika kamata, fumbata na pakata. Ambata ni mwana wa ukoo huohuo. Kiambishi -am- katika kauli ya kutendama huonyesha hali ya kutulia na kudumu, kama katika lowama, fungama na gandama. Gundi iliyoganda imebadilika, ilhali iliyogandama imetulia mahali pake na haitikisiki. Kiambishi -an- cha kutendana kikiongezwa hupatikana ambatana, gandamana na shikamana. "Kushikamana" kuna shika, -am- na -an- ndani yake: kitendo, hali ya kudumu, na uhusiano wa pande mbili. Ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya kiungo kizuri cha gundi.

Hatimaye ipo kauli ya kutendua, inayofuta kilichofanywa. Bandika hutenduliwa na bandua. Ganda hutenduliwa na gandua. Ambata nayo ina mwenzake ambua, yaani kuondoa kitu chembamba kilichoshikamana na kingine, kama gamba au ngozi, na kutokana nayo hupatikana ambuka. Tabaka la plaiwudi linapoachana na lile la chini yake, haliwi limevunjika wala kupasuka. Limeambuka. Neno hili linafaa kusanifishwa kuwa istilahi ya hitilafu hiyo, na "mwambuko" kuwa nomino yake.

Kuisoma hitilafu

Faida ya kuvitenganisha vitenzi hivi huonekana kiungo kinaposhindwa. Wataalamu wa mbao hutofautisha mahali ambapo kiungo kimeachia. Kikiachia kati ya gundi na mti, upande mmoja wa kiungo hubaki na utando laini wa gundi na upande wa pili hubaki mtupu. Hapo gundi haikuambata, na makala haya yanapendekeza kuita hali hiyo "kubanduka". Kikiachia katikati ya gundi yenyewe, pande zote mbili hubaki na gundi. Hapo iliambata lakini haikuganda ipasavyo, au ilikuwa nene mno. Hali hiyo inaweza kuitwa "kukatika kwa gundi". Kikiachia ndani ya mti, gundi huonekana ikiwa imeng'ang'ania nyuzi za mbao zilizong'oka. Huko ni "kumeguka kwa mbao", na ingawa samani imeharibika, gundi haina lawama. Imethibitisha kwamba ina nguvu kuliko mti. Ndiyo maana vipimo vya ubora wa plaiwudi huhesabu pia kiasi cha nyuzi zilizobaki kwenye gundi baada ya kiungo kuvunjwa.

Tofauti hizi tatu hazihitaji maabara kila mara. Kioo cha mkononi kinachokuza mara kumi hutosha kuona kama kuna nyuzi juu ya gundi au la. Kinachohitajika ni kujua cha kutafuta, na mtu hujua cha kutafuta anapokuwa na jina lake.

Kurejea Timau

Sasa mlango wa kabati wa Timau unaweza kutazamwa upya. Iwapo seremala aliugundisha alfajiri ya Julai, huenda baridi ndiyo chanzo. Gundi nyeupe nyingi hazifai kutumiwa kwenye nyuzijoto zilizo chini ya tano hadi kumi za Selsiasi, na kipimo hicho hutegemea pia ubaridi wa mbao zenyewe. Ushahidi wake ni unga mweupe kwenye kiungo. Gundi imekauka bila kuganda, na dawa yake ni kungoja jua lipande au kuziweka mbao na gundi ndani, penye joto, kabla ya kazi.

Iwapo upande mmoja una utando laini unaong'aa na mwingine ni mtupu, yawezekana gundi ilipakwa ikaachwa muda mrefu kabla ya kubanwa kwa jiriwa, ikafanya ngozi juu na kushindwa kulowesha ubao wa pili. Au uso wa ubao ulikuwa na vumbi na mafuta. Hapo kuna kubanduka, na dawa yake ni randa au msasa, na kuharakisha kubana. Iwapo kiungo kina gundi haba mno, yawezekana jiriwa ilikazwa kupita kiasi, gundi ikakamuliwa nje, au ilipenya mno. Iwapo tabaka za plaiwudi yenyewe ndizo zilizoachana, seremala hana kosa katika kugundisha. Plaiwudi ya ndani imewekwa mahali penye unyevu, au kiungo cha kiwandani kilikuwa na kasoro. Huo ni mwambuko.

Kwa hiyo kauli moja, "haikushika", ilikuwa imefunika sababu zisizopungua nne, kila moja ikiwa na mwenye dhamana wake na dawa yake. Mteja angeweza kumlaumu seremala kwa kosa la kiwanda, na seremala angeweza kuilaumu gundi kwa kosa la baridi, kisha mwezi unaofuata akarudia kosa lilelile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika useremala, ufa hauzibiki kabla haujatajwa.

Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba seremala wa Timau anahitaji kukariri kauli za vitenzi. Huenda yeye huzungumza Kimeru nyumbani na Kiswahili sokoni, na vitenzi ganda, bandua na ambua tayari vimo kinywani mwake au si vigeni masikioni mwake. Kazi imebaki kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini hadhi hiyo itakuwa pambo tu iwapo maelezo kwenye kopo la gundi, masomo ya vyuo vya ufundi na matokeo ya utafiti wa mbao yataendelea kumfikia fundi kwa lugha ya kigeni.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, waundaji wa istilahi wakitazame kitu chenyewe kabla ya kuitazama kamusi ya Kiingereza, kama Hooke alivyolitazama gamba la mti. Pili, orodha za istilahi ziwe na vitenzi pamoja na nomino, na kauli za kutendata, kutendama na kutendua zitumiwe kwa utaratibu, ili mwanafunzi akijua "ambata" aweze kukisia "mwambuko". Tatu, idara za Kiswahili zishirikiane na wataalamu wa misitu na mafundi, kwa kuwa mtaalamu ana hadubini, fundi ana mkono, na mwanaisimu ana utaratibu wa maneno. Kila mmoja akibaki peke yake, kazi ya wote watatu itaishia kuambuka.